Ardhi, ngamia na bunduki: Kiini cha vita vya Darfur

Mwezi Februari 2025 viongozi wa RSF, kundi la wapiganaji linalopigana na jeshi la Sudan, walikutana Nairobi pamoja na washirika wao wa kisiasa. Wakatia sahihi mkataba wa kuunda serikali yao wenyewe, kando na ile inayoongozwa na jeshi. Serikali ya Kenya ilieleza kuwa imetoa ukumbi tu, kwa nia ya kusaidia mazungumzo. Wenye nchi hawakuridhika na maelezo hayo. Mwezi uliofuata serikali ya jeshi, ambayo wakati huo ilikuwa imehamia Port Sudan, ikapiga marufuku bidhaa kutoka Kenya. Pigo likatua Mombasa, kwa sababu Sudan ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa chai inayouzwa katika mnada wetu. Wenye maghala, wenye malori na wapakizi wote waliusikia uzito wake.

Tangu hapo vita vya Sudan vimekuwa mazungumzo ya baraza. Na kwenye baraza za Pwani mazungumzo hayo hugawanyika haraka. Wako wasemao kwamba haya ni yale yale, Waarabu wanawaua Waafrika, tena wanataja utumwa. Na wako wanaojibu kwamba hizo ni njama za magazeti ya Magharibi za kuwachafulia jina Waarabu na Uislamu. Kila upande una hasira yake, na hasira hizo zina mizizi ya hapa hapa kwetu kuliko kule Darfur.

Makala haya yanajaribu kueleza kilichoko chini ya vita hivyo. Na kilichoko chini, ukifukua vya kutosha, ni ardhi: nani anayo, nani hana, nani aliandika karatasi, na ni nani aliyempa asiye na ardhi bunduki badala ya kumtafutia haki.

Mwarabu wa Darfur ni nani?

Darfur iko magharibi mwa Sudan, inapakana na Chad, Libya na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ukubwa wake unakaribia ule wa Ufaransa. Jina lenyewe ni la Kiarabu: dar, yaani makao, kama katika Dar es Salaam, na Fur, jina la kabila kubwa zaidi la eneo hilo. Mbali na Wafur, wako Wamasalit upande wa mpaka wa Chad, Wazaghawa kaskazini, na makabila mengine mengi yenye lugha zao. Halafu wako Waarabu wa kuhamahama.

Hao Waarabu hugawanywa kwa mifugo yao. Wale wa kusini, kwenye mvua na majani mengi, hufuga ng'ombe na huitwa Baggara. Neno hilo ni ndugu wa baqara, jina la sura ya pili ya Qur'ani. Wale wa kaskazini, kwenye ukingo wa jangwa, hufuga ngamia na huitwa Abbala. Kabila moja kubwa, Rizeigat, lina watu wa pande zote mbili: Warizeigat wa kusini wenye ng'ombe, na Warizeigat wa kaskazini wenye ngamia. Shika tofauti hiyo, maana kisa chote kinazunguka hapo.

Mtu wa Pwani akitua Darfur, asingeweza kumtofautisha Mfur na Mrizeigat kwa kuwatazama. Rangi ni moja. Wote ni Waislamu, wa Sunni, na tariqa za kisufi zimeenea pande zote mbili. Wameoana kwa karne kadhaa. Uarabu wa kule ni suala la nasaba, lugha na namna ya kuishi, na mlango wake haukuwa umefungwa. Miaka ya 1960 mtafiti wa Norway, Gunnar Haaland, aliandika juu ya wakulima wa Kifur waliofanikiwa kupata ng'ombe wengi. Ng'ombe wakizidi, shamba linakuwa dogo. Mtu anaanza kuhama na mifugo yake, anaishi na Wabaggara, anasema lugha yao, na baada ya muda watoto wake wanahesabiwa kuwa Wabaggara. Kabila lilibadilika pamoja na kazi.

Kwa hivyo anayesema kwamba Darfur kuna jamii mbili zilizochukiana tangu enzi na enzi, hakuiangalia Darfur yenyewe.

Dar na hakura

Darfur ilikuwa usultani unaojitegemea kuanzia karne ya 17. Sultani aliwagawia wakuu wake, masharifu na wanavyuoni ardhi, na kila aliyepewa aliandikiwa hati ya Kiarabu yenye muhuri. Ardhi hiyo iliitwa hakura. Mwenye hakura hakuwa na haki ya kuiuza kama kiwanja. Alikuwa msimamizi wake. Alikusanya ushuru, akawagawia wakulima mashamba, akampokea mgeni na kumwonyesha pa kulima. Baadhi ya hati hizo zimehifadhiwa na familia zenyewe hadi zama zetu.

Zaidi ya hakura palikuwa na dar, eneo zima linalojulikana kuwa la kabila fulani. Waingereza walipomshinda na kumuua Sultani Ali Dinar mwaka 1916, wakaiingiza Darfur katika Sudan yao. Hawakutaka kutumia fedha nyingi huko. Wakatawala kupitia wakuu wa makabila, na ili kila mkuu ajue mipaka yake, wakaichukua ile desturi ya dar na kuikaza. Jambo lililokuwa likinyumbulika likawa mstari kwenye ramani. Mwenye dar akawa na mkuu anayetambuliwa na serikali, mahakama yake ya kimila, na neno la mwisho juu ya nani alime na nani achunge.

Wabaggara wa kusini, kama Warizeigat wa Ed Daein, Wahabbaniya, Wabeni Halba na Wataaisha, walikuwa na dar zao, nazo zikatambuliwa. Wafur na Wamasalit walikuwa na zao. Lakini Warizeigat wa kaskazini, wenye ngamia, hawakuwa na dar. Maisha yao yalikuwa mwendo. Mvua zikinyesha walipanda kaskazini hadi kingo za jangwa; kiangazi walishuka kusini kwenye mabonde ya wakulima. Utawala uliopima haki kwa mipaka haukuona cha kumwandikia mtu wa namna hiyo.

Kwa muda mrefu hilo halikuwa na uchungu mkubwa, kwa sababu asiye na dar alikuwa na njia. Njia za mifugo, ambazo wenyewe huziita masar au murhal, zilijulikana na kuheshimiwa. Mkulima hakulima katikati ya njia. Mfugaji hakuingiza ngamia kabla ya mavuno. Mavuno yakiisha, tarehe ilitangazwa, na mashamba yakafunguliwa: ngamia wakala mabua ya mtama na uwele, na shamba likapata mbolea. Mkulima alimkabidhi mfugaji ng'ombe wake amchungie, na mfugaji alinunua nafaka kwa mkulima. Ugomvi ulikuwapo, kwani hakuna mwaka usio na ngamia aliyeingia shambani kabla ya wakati. Lakini walikuwapo wazee wa kuamua, na diya ililipwa.

Watu wa Mto Tana wanaujua utaratibu wa namna hii. Malka, ile njia ya mifugo kuteremka mtoni kati ya mashamba, ndiyo iliyowafanya Wapokomo na Waorma kuishi pamoja miaka mingi, na malka zilipozibwa tuliona yaliyotokea mwaka 2012.

Mambo matatu yaliyovunja utaratibu

La kwanza ni sheria. Mwaka 1970 serikali ya Jaafar Nimeiri ilitangaza kwamba ardhi yote ambayo haikusajiliwa ni mali ya serikali. Darfur karibu yote haikusajiliwa. Kwa kalamu moja, hakura zenye mihuri ya masultani zikawa hazina nguvu mbele ya sheria, ingawa mashinani watu waliendelea kuzifuata. Mwaka uliofuata serikali ikaufuta utawala wa wakuu wa kimila. Wale wazee waliokuwa wakiamua kesi ya ngamia na shamba wakanyang'anywa mamlaka, na waliowekwa mahali pao hawakujulikana na mtu.

Msomaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa maana ya sheria kama hiyo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 katika maili kumi za Pwani ilifanya jambo lenye sura hiyo hiyo: asiyejitokeza kudai ardhi yake kwa utaratibu wa serikali aliamka akaambiwa ni ya Taji la Uingereza. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, bado tunao maskwota kwenye ardhi walimozikwa babu zao.

La pili ni ukame. Mvua za Sahel zilianza kupungua mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1984 na 1985 ukaja ukame mkubwa ulioleta njaa. Inakadiriwa watu wapatao laki moja walikufa Darfur. Malisho ya kaskazini yakakauka, ngamia wakafa, na wafugaji wakashuka kusini mapema zaidi na kukaa muda mrefu zaidi. Huko kusini wakulima nao walikuwa wamebanwa. Wakapanua mashamba hadi kwenye njia za mifugo. Wengine wakaanza kuzungushia miiba hata ardhi wasiyoilima, ili wauze majani yake. Wafugaji waliyaita mazizi ya hewa, kwa sababu ndani yake hamna kitu isipokuwa hewa iliyofungiwa. Kwa mwenye ngamia, huo ulikuwa mwisho wa mapatano ya karne nyingi. Kwa mkulima, ilikuwa njia ya kuokoa watoto wake.

Mwaka 1985 mtafiti wa Kiingereza, Alex de Waal, alimtembelea Sheikh Hilal, mkuu wa Wamahamid, tawi mojawapo la Warizeigat wa kaskazini. Alimkuta mzee aliyeona ulimwengu wake unakwisha, ngamia wakipungua na njia zikizibwa, lakini asiyekubali kuacha kuhama. Jina la mwanawe, Musa Hilal, tutakutana nalo tena.

La tatu ni bunduki. Chad ilikuwa vitani, na Muammar Gaddafi wa Libya alikuwa akiwapa silaha Waarabu wa Sahel ili wamsaidie kuitawala Chad. Darfur ikawa kambi ya nyuma ya vita hivyo. Pamoja na bunduki ikaingia fikra mpya, kwamba Waarabu wa Sahel ni taifa moja lililodhulumiwa na linastahili kutawala. Mwaka 1987 baadhi ya viongozi wa Kiarabu wa Darfur walimwandikia Waziri Mkuu Sadiq al-Mahdi barua kwa jina la Mkusanyiko wa Waarabu, wakidai sehemu kubwa zaidi ya madaraka. Mwaka huo huo vita kati ya Wafur na Waarabu vikalipuka, vikaendelea hadi mkutano wa suluhu wa El Fasher mwaka 1989. Suluhu iliandikwa. Utekelezaji wake haukuja.

Serikali iliyotafuta jeshi la bei rahisi

Ugomvi wa mkulima na mfugaji, hata ukiwa na bunduki, hauwezi peke yake kuchoma vijiji kwa mamia. Inahitajika serikali.

Utawala wa Omar al-Bashir, ulioingia kwa mapinduzi mwaka 1989, uliigawa Darfur majimbo matatu mwaka 1994, na Wafur wakajikuta wamegawika katika yote matatu. Kisha katika Dar Masalit serikali ikauvunjavunja usultani wa Wamasalit na kuweka maamiri wapya, wengi wao Waarabu. Kwa Wamasalit, huko kulikuwa kunyang'anywa nyumba huku wakitazama. Mapigano yakafuata.

Aprili 2003 waasi wa makundi ya SLM na JEM, wengi wao Wafur, Wazaghawa na Wamasalit, waliushambulia uwanja wa ndege wa El Fasher na kuziharibu ndege za kijeshi. Bashir alikuwa na tatizo: askari wengi wa jeshi lake walikuwa wenyeji wa Darfur, asingewaamini kuwapiga ndugu zao. Akatafuta watu wengine. Akawapata miongoni mwa vijana wa Kiarabu, hasa wale wasio na dar, na mkuu aliyejulikana zaidi kati yao alikuwa Musa Hilal. Watu wakawaita Janjaweed. Wengi hulifasiri jina hilo kuwa jini aliyepanda farasi.

Mpango ulikuwa rahisi. Ndege za serikali zilitangulia kupiga kijiji, kisha wapanda farasi na ngamia wakaingia. Wanaume waliuawa, wanawake wakabakwa, visima vikafukiwa, miti ya matunda ikakatwa. Kufukia kisima na kukata mwembe si kazi ya mtu anayetafuta ushindi wa siku moja. Ni kazi ya mtu anayetaka mwenye shamba asirudi. Mshahara wa wapiganaji ulikuwa ngawira: kwanza mifugo, halafu ardhi yenyewe. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu laki tatu walikufa kwa mapigano, njaa na maradhi, na zaidi ya milioni mbili walikimbia makwao. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Bashir mwaka 2009. Oktoba 2025 ikamtia hatiani Ali Kushayb, kamanda wa Janjaweed, kwa makosa 27.

Sasa tazama jambo moja ambalo wengi hulipita. Warizeigat wa kusini, binamu wa damu wa wale wa kaskazini, waliombwa na serikali wajiunge. Nazir wao, Saeed Madibbo, akakataa kuliingiza kabila lake katika vita hivyo. Wako vijana wao waliokwenda, lakini kabila kama kabila lilikaa pembeni. Ni Waarabu wale wale, wa jina lile lile. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba wa kusini walikuwa na dar yao iliyotambuliwa, na jirani wa kuishi naye kesho. Mwenye nyumba hafurahii moto mtaani.

Mwarabu kwa Mwarabu

Anayebaki na shaka autazame mwaka 2013.

Januari ya mwaka huo, katika Jebel Amer, Darfur Kaskazini, palizuka vita juu ya machimbo ya dhahabu. Machimbo yalikuwa katika dar ya Wabeni Hussein. Waliowashambulia ni Warizeigat wa kaskazini. Wabeni Hussein ni Waarabu. Warizeigat ni Waarabu. Mamia waliuawa na makumi ya maelfu wakakimbia. Mwaka huo huo, upande wa mashariki, Warizeigat wa kusini walipigana na Wamaaliya, Waarabu pia. Hoja ilikuwa ile ile: Warizeigat wanasema ardhi ni dar yao na Wamaaliya ni wageni wao, Wamaaliya wanasema wako kwao. Kusini magharibi, Wasalamat walipigana na Wamisseriya na Wataaisha. Hakuna Mfur hata mmoja katika orodha hiyo.

Kama chanzo cha vita kingekuwa Uarabu, watu hawa wangekuwa upande mmoja.

Kutoka farasi hadi serikali

Mwaka 2013 ndio pia mwaka ambao Bashir aliwakusanya wanamgambo hao katika kikosi kipya, Vikosi vya Msaada wa Haraka, ndio hao RSF. Akamweka juu yao Mohamed Hamdan Dagalo, ajulikanaye kama Hemedti. Ni Mrizeigat wa kaskazini, wa tawi la Mahariya, kutoka ukoo ulioingia Darfur ukitokea Chad. Aliacha shule mapema, akafanya biashara ya ngamia, akaingia vitani. Mwaka 2017 alimkamata mkubwa wake wa zamani, Musa Hilal, na dhahabu ya Jebel Amer ikawa mikononi mwake. Wapiganaji wake walipelekwa Yemen kupigana kwa malipo. Kwa dhahabu na fedha za Ghuba, kikosi cha kukodishwa kikawa na nguvu za kushindana na jeshi lililokianzisha. Bashir alipoangushwa mwaka 2019, Hemedti akawa wa pili katika uongozi wa nchi. Aprili 2023 yeye na Jenerali Abdel Fattah al-Burhan wakageuziana mitutu.

Vita vya makao makuu vilianza Khartoum, lakini Darfur vilichukua sura ile ya zamani. Katika El Geneina, mji wa Wamasalit, RSF na wanamgambo wa Kiarabu waliwaua watu kwa wingi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kati ya elfu kumi na elfu kumi na tano. Gavana Khamis Abakar, Mmasalit, aliuawa Juni 2023 baada ya kusema hadharani kwamba watu wake wanaangamizwa. Waliosalia walikimbilia Adré, ng'ambo ya mpaka wa Chad. Oktoba 2025, baada ya mzingiro wa karibu mwaka mmoja na nusu, RSF waliuteka El Fasher, mji uliokuwa makao ya masultani tangu mwisho wa karne ya 18. Mauaji ya raia yaliyofuata yalionekana hata kwenye picha za setilaiti.

Ardhi peke yake haielezi yote haya. Uko uroho wa dhahabu. Uko ushindani wa majenerali wawili. Wako wanaotoka nje na fedha zao. Falme za Kiarabu zimeshutumiwa mara nyingi kuwapa RSF silaha, nazo zimekanusha. Jeshi la Sudan nalo limerusha mabomu kwenye masoko na mitaa ya raia. Lakini muulize aliyeko kambini Chad anaogopa nini zaidi, utasikia habari ya shamba lake na nani anayelilima leo. Watu waliofukuzwa mwaka 2003 wengi wao hawajarudi, kwa sababu wageni walikwisha kuhamia. Watoto wa wageni hao wamezaliwa pale. Kila mwaka unaopita, dhuluma inazidi kuota mizizi na kuitwa kwetu.

Kueleza si kusamehe

Wako watakaosema kwamba kueleza namna hii ni kuwatafutia wauaji udhuru. Sivyo. Aliyembaka mwanamke au kumpiga risasi mtoto mdogo ana dhambi yake na kesi yake, na hakuna ukame unaoweza kuibeba. Na chuki ya kikabila ni ya kweli: mashahidi wa Darfur wameeleza matusi ya utumwa waliyotukanwa walipokuwa wakishambuliwa. Uongo ukirudiwa kwa bunduki miaka arobaini, watu huanza kuuishi.

Lakini ni lazima kuuliza ni nini kingeyazuia haya yote. Warizeigat wa kaskazini walikuwa na dai la haki: njia zao zilizibwa, na sheria haikuwaona. Wafur na Wamasalit walikuwa na dai la haki: ardhi ya babu zao, yenye hati za muhuri, ilifutwa kwa kalamu. Madai hayo mawili yangeweza kukaa kwenye mkeka mmoja, kwa kuwa yaliwahi kukaa. Palihitajika mahakama, visima, njia zilizopimwa upya, na wazee wenye mamlaka. Serikali za Khartoum zikachagua kuchukua uchungu wa mmoja na kuufanya silaha ya kumpiga mwingine. Hata huyo aliyepewa silaha hakupewa hati. Alipewa ardhi ya wizi, ambayo itambidi ailinde kwa bunduki vizazi na vizazi.

Mikataba ya amani nayo imekuja mingi: Abuja mwaka 2006, Doha mwaka 2011, Juba mwaka 2020. Yote ilitaja ardhi, na yote iliahidi tume za ardhi. Lakini kilichogawanywa haraka kilikuwa vyeo. Kiongozi wa waasi akapata uwaziri, mkulima akabaki kambini, na mfugaji akabaki bila njia.

Swali la kuwauliza wenyeji wa mikutano

Hapo ndipo tunaporudi Nairobi. Kenya si lazima iwe na uadui na upande wowote wa vita vya Sudan, na mpatanishi hulazimika kukaa na watu wenye damu mikononi. Lakini kumkaribisha mtu mezani ni jambo moja, na kumpa jukwaa la kutangaza serikali ni jingine. Watu wa Mombasa waliolipa gharama ya mkutano ule kwa chai isiyouzika wana haki ya kuuliza: katika kumbi zile, kuna aliyewauliza RSF mashamba ya El Geneina yanalimwa na nani sasa? Kuna aliyewauliza Wamasalit walioko Adré watarudi lini, kwa njia gani, na wakifika watamkuta nani?

Na sisi wenyewe, tunapozungumza habari hizi barazani, tuwe waangalifu na maneno. Pwani hii ina watu wengi wenye nasaba za Kiarabu ambao hawajui Darfur iko wapi, na ina watu wengi wenye kumbukumbu chungu za utumwa na ardhi iliyopotea. Kuchukua jina la vita vya wengine na kulibandika kwa jirani yako wa Mji wa Kale au wa Malindi hakumsaidii Mmasalit yeyote. Wala kukataa kwamba Wamasalit wanauawa hakuulindi Uislamu, kwa sababu waliouawa walikuwa Waislamu, baadhi yao msikitini.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Darfur fahali walipigania nyasi zenyewe, na wakubwa wakawanoa pembe. Nchi yoyote inayowaacha baadhi ya watu wake bila hati, bila njia na bila mahakama ya kuwasikiliza, inaweka akiba ya vijana wanaongoja wa kuwapa bunduki. Sudan imeonyesha jinsi akiba hiyo inavyotumika. Kwetu, kabla ya uchaguzi mwingine, orodha ya mashamba yenye mgogoro kutoka Lamu hadi Kwale ingali ndefu.